Mapafu Mmeyapeleka Wapi?

Ukimwalika Daktari kwenye shughuli yako, ulijua kabisa kwamba kabla hajatafuta kiti ataelekea jikoni. Hakwenda kuonja. Alikwenda kusimama mbele ya wapishi na vijana waliochinja, akauliza kwa ile sauti yake ya kufoka: "Mapafu mmeyapeleka wapi?" Kwenye sendofu ya binti yangu aliuliza hivyohivyo, wakwe wakiwa wanasikia, na shangazi yangu aliyekuwa anageuza pilau akamjibu, "Tumeyala, baba. Ulitaka tukubakizie?" Watu wakacheka. Yeye alisubiri mpaka kijana mmoja akamwonyesha shimo nyuma ya choo, akalikanyaga kwa kiatu kuhakikisha udongo umeshindiliwa, ndipo akaja kukaa na kula kama watu wengine. Aliuliza hata palipochinjwa kuku, ingawa alijua kuliko sisi wote kwamba kuku hahusiki. Lilikuwa swali lake tu, kama wengine wanavyouliza habari za nyumbani.

Mimi ni muuguzi, Mfipa wa hapahapa Mazwi, mjini Sumbawanga, na nimefanya naye kazi wodi ya watoto tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mtu akistaafu sisi tuna tabia ya kumpaka asali, kila mmoja ghafla anakumbuka mema. Mema yake nayajua na nitayasema. Ila asali sina.

Ugonjwa uliompa jina hauna siri. Mbuzi, kondoo au ng'ombe anaweza kuwa na vifuko vya maji kwenye mapafu, vyeupe, vimetuna. Mbwa akila pafu hilo bichi, anapata minyoo midogo sana ambayo yeye haimsumbui. Mayai ya minyoo hiyo yanatoka na kinyesi, yanabaki kwenye udongo na kwenye manyoya. Mtoto anamkumbatia mbwa, anakula bila kunawa, na baada ya muda mrefu kifuko kama kile cha mbuzi kinakua ndani ya kifua chake. Anakohoa, anakonda, na zahanati wanampa dawa za TB, kwa sababu huku kwetu kikohozi kisichokwisha kina jina moja tu. Anameza dawa za TB mpaka mama yake anachoka kuzifuata, na kile kifuko kinaendelea kunenepa.

Kuna machinjio moja kule bondeni ambako Daktari alinipeleka akitaka nione kwa macho yangu. Mkaguzi wa nyama alikuwa mtu makini, kisu chake kikali, koti lake safi. Kila pafu alilipasua. Akikuta kifuko, analikataa palepale, na hakuna bucha ambalo lingelipata hata kwa rushwa. Kisha analirusha nyuma ya ukuta, ambako mbwa wa mtaa mzima walikuwa wamekaa wanasubiri kama watu walioitwa. Kwa mkaguzi kazi ilikuwa imekwisha na imekwisha vizuri: nyama mbovu haikumfikia binadamu. Daktari alimtukana matusi ambayo sitayaandika. Mkaguzi alimsikiliza hadi mwisho, akafuta kisu, akasema, "Mzee, ulitaka niwape watu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya Daktari. Alikuwa na haki, na alikuwa hasikiki.

Kusoma picha ya kifua hakuna aliyemfikia. Taa ya kuangalizia picha ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo alikuwa anaibandika kwenye kioo cha dirisha la mashariki, asubuhi jua likiwa limekaa vizuri, na anaiangalia akiwa amefumba jicho moja. Daktari mwingine akiona weupe anasema TB, au maji, au nimonia. Yeye alikuwa anautafuta ukingo. "Angalia mstari wake, Sista," ananiambia. "TB haina adabu ya kuchora duara." Kifuko alikiita mpira. Kwa kidole aliuchora ule mpira mgongoni kwa mtoto mwenyewe, taratibu, mtoto akicheka kwa kutekenywa, kisha anapima kwa ultrasaundi kuhakikisha kuwa ndani ni maji.

Na mtoto akiwa na mpira, sindano ilikuwa haramu. Tuliletewa daktari kijana, ndiyo kwanza ametoka chuo, mpole, mwenye bidii. Siku moja akakuta mtoto wa Kipili, wa wavuvi, picha ina duara, ultrasaundi inaonyesha maji, akaandaa sindano ayavute ayapunguze, kama alivyofundishwa kufanya maji yakijaa kifuani. Daktari aliingia akamshika mkono hewani. Akamweleza, na maelezo yalikuwa sahihi: ukitoboa mpira maji yanavuja, mwili unaweza kushtuka mtoto akafa mikononi mwako, na akipona, popote yalipodondokea panaota mipira mingine. Kinachotakiwa ni vidonge vya minyoo kwa muda mrefu, na rufaa ya Mbeya kwa wapasuaji wautoe mzima. Angeishia hapo ningempigia makofi. Lakini aliendelea, mbele ya akina mama wa wodi nzima, akamuuliza yule kijana kama cheti chake alikiokota mnadani. Yule mtoto aliokoka. Kijana akaomba uhamisho, na wodi ikabaki na daktari mmoja wa kusoma mipira, naye alikuwa anazeeka.

Kwa watoto alikuwa mtu mwingine kabisa. Mfuko wa koti lake ulikuwa na karanga za kukaanga, na kabla ya kugawa aliwapanga wote bombani, wenye dripu wakishikiliwa na mama zao, waoshe mikono kwa sabuni huku akiwaimbia wimbo wa ovyo aliojitungia. Waliorudi kutoka Mbeya aliwaita askari wake, akawaambia wapandishe shati waonyeshe kovu la chini ya kwapa kwa wale wanaosubiri kwenda. Nimemwona akipiga magoti sakafuni, na baridi ya mwezi wa sita ya Sumbawanga mnaijua, ili mtoto asikilize moyo wake mwenyewe kwenye mashine ya masikio. Halafu anasimama, anamgeukia baba wa mtoto huyohuyo, na uso wote unabadilika.

Kuna jambo moja nililigundua mapema nikalinyamazia kwa sababu lilinichekesha. Daktari alikuwa anaogopa mbwa. Namaanisha kuogopa kama mtoto. Tukitoka kazini kwa miguu, akimwona mbwa upande huu wa barabara, anavuka, anaendelea kuzungumza kana kwamba ng'ambo ndiko alikokuwa anakwenda. Hakuwahi kusema kwa nini. Sikucheka tena nilipoelewa kuwa hofu hiyo ndiyo iliyokuwa inaongea akihutubia wazazi. Alijua sentensi tatu zinazohitajika: mbwa apewe dawa ya minyoo, mapafu yafukiwe, mtoto atibiwe mpaka mwisho. Lakini akianza na mbwa hatoki kwa mbwa. Sauti inapanda, mishipa inatoka, mbwa, mbwa, mbwa, mpaka mzazi anatoka pale amebeba neno moja. Mjini wakamwita Daktari wa Mbwa. Vijana wa bodaboda pale getini walikuwa wanabweka kidogo akipita, na yeye anavuka barabara.

Sasa nimseme Kabula.

Aliletwa kutoka Kaoze, kule chini bondeni, na baba yake, Msukuma aliyehamia na ng'ombe miaka mingi nyuma. Mama yake alikuwa amejifungua karibuni, kwa hiyo baba ndiye aliyemlaza, ndiye aliyemwogesha, na wanawake wa wodini wakamcheka kwanza kisha wakampenda. Kabula alikuwa na umri wa kuanza shule, mdomo wake haunyamazi, kikohozi kinamkatiza kila sentensi naye anaianza upya. Alituambia habari za mbwa wake, jike la rangi ya udongo, jina lake Chui, linalolala mlangoni kwao na linalojua kurudisha ndama. Dawa za TB alikwishameza mpaka amezichukia. Daktari alibandika picha dirishani, akafumba jicho, akaniita. Mpira ulikuwa upande wa kulia, mkubwa, umechorwa vizuri mno.

Tulimwanzishia vidonge. Daktari akaandika rufaa, akamwita baba yake mezani.

"Mna mbwa?"

"Tunao, Daktari. Bila mbwa huko hukai na ng'ombe."

"Mkichinja, mapafu mnayapeleka wapi?"

Baba akashangaa swali. "Si tunawapa hao mbwa."

Daktari akapiga meza. "Basi mbwa wako ndio wanamuua huyu mtoto! Unanisikia, mzee? Umewalisha mwenyewe, kwa mkono wako, na sasa wanamla mwanao kutoka ndani! Unalala na mauti mlangoni unaiita mbwa!"

Yule baba alitazama kitanda cha Kabula, akatazama mikono yake. Daktari aliendelea na mbwa mpaka akachoka. Habari za vidonge na Mbeya alizisema mwishoni, akiwa ameinama anaandika, kwa sauti ya mtu aliyemaliza. Baba akaomba ruhusa arudi nyumbani na mtoto wajiandae kwa safari, auze ng'ombe, amwachie mkewe maelekezo. Tukampa vidonge vya njiani. Nilimweleza matumizi yake, akaitikia vizuri, lakini nilikuwa naongea na mtu ambaye akili yake imeshafika Kaoze. Kabula alinipungia mkono kutoka kwenye basi akiwa bado anaongea.

Hawakurudi. Daktari alikuwa anauliza kila wiki, "Msukuma wangu hajaja?" Tulipiga simu, haipatikani, bondeni mtandao ni wa bahati. Tulituma salamu kwa wanaoshuka. Mmoja akaturudishia jibu kwamba mtoto hajambo, anacheza, na Daktari ashukuriwe sana.

Kilichotokea tulikijua baadaye. Siku waliyofika, baba alikata fimbo akawaua mbwa wote wa boma. Chui alimwacha wa mwisho, kwa sababu Kabula alikuwa amemshikilia. Kisha akampa mtoto vile vidonge mpaka vikaisha, kikohozi kikapungua, akaanza kula. Nyumba nzima ikaona ilivyo wazi: muuaji ametajwa na daktari mkubwa wa mkoa, muuaji ameuawa, mtoto amepona. Mbeya wakafanye nini? Habari ikapita bondeni boma kwa boma. Watu wakaua mbwa, na wezi wa mifugo wakafurahi. Wakaja watu pale wodini kifua mbele kumwambia Daktari kwamba kwao wamemaliza mbwa, na watoto wao wanaokohoa wamewaacha nyumbani.

Baba Kabula alirudi mpunga ukiwa umevunwa, amembeba mtoto mikononi. Mpira ulikuwa umepasuka. Njia nzima alikuwa anakohoa maji ya chumvi yenye utando mweupe, kama ule unaokuta chini ya ganda la yai. Uso ulikuwa umevimba, ngozi imejaa vipele, pumzi inapiga mluzi. Daktari alifanya kila kitu kinachofanyika, na nilikuwa pale, na hakuna alichokosea asubuhi ile. Kabula alitaka kusema kitu, kikohozi kikamkatiza, na safari hii sentensi hakuianza upya. Hata saa sita haikufika.

Baba yake alisimama ukutani. Akasema, kwa adabu, kama mtu anayeuliza maelekezo ambayo hakuyaelewa, "Lakini mbwa niliwaua, Daktari. Wote. Hata Chui."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatoka nje. Mimi ndiye niliyemfunika mtoto. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke kwa nani: kwa barabara, kwa mtandao, kwa bwana mifugo asiye na dawa ya mbwa hata moja kwenye kabati lake. Lakini zaidi niliiweka kwake, na hadi leo haijahama.

Baada ya hapo hotuba za mbwa zilikoma. Alianza na vidonge, akamaliza na vidonge, na mzazi akiuliza ugonjwa umetoka wapi alisema, "Tutaongea akishapona." Sherehe aliendelea kuzivamia na swali lake, ila kwa sauti ndogo. Kabula hakumtaja tena, na mimi sikumsaidia kumtaja.

Kustaafu alistaafia Mazwi badala ya kurudi kwao Mbeya. Nyumba ndogo, miti michache ya parachichi, ukuta mrefu kuliko unavyohitajika, nadhani mnajua kwa nini. Huwa nampitia kumpima presha, ananifokea kuwa mashine yangu mbovu.

Na kila mwaka, mavuno yakiisha, baba yake Kabula hupanda kutoka bondeni na jogoo. Ndiyo. Anamletea Daktari jogoo kumshukuru. Mara ya kwanza niliposikia nilidhani ni utani wa Mazwi. Kumbe yule mzee ameishi miaka yote akiamini kwamba Daktari alisema kweli na yeye ndiye aliyechelewa. Kwamba angewaua mbwa mapema, kabla hata ya kuja hospitali, binti yake angekuwepo. Analeta jogoo kwa mtu pekee aliyejaribu kumwonya. Daktari anapokea. Mwaka hadi mwaka anapokea, na anamgawia jirani, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kumla.

Mwaka huu nilimkuta pale. Ilikuwa asubuhi ya upepo, tumekaa uani na masweta, chai ya tangawizi inapoa. Mzee amekonda, mvi zimemjaa, jogoo amefungwa miguu yuko chini ya kiti.

"Huko nyumbani hamjambo?" Daktari akauliza.

"Hatujambo, Daktari. Kuna mjukuu tu anakohoa, huu mwezi sasa, na usiku anachemka. Lakini sina wasiwasi, mbwa sijafuga tena tangu wakati ule. Hata majirani nawaambia."

Nikamwona Daktari ameshika kikombe, hanywi. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nilikuwa nafikiri hichohicho: akinyamaza, mzee ataondoka na amani yake, na mtoto atabaki Kaoze anakohoa. Nilijiambia akinyamaza leo, nitasema mimi, na sitakanyaga tena uani kwake.

"Mzee," akasema. Sikuwahi kumsikia akiongea taratibu hivyo na mtu mzima. "Kabula hakufa kwa sababu ya mbwa."

"Ulisema mwenyewe."

"Mbwa walimpa ugonjwa. Zamani, kabla hujamleta. Ulivyomleta, mbwa walikuwa hawahusiki tena. Alihitaji vidonge na Mbeya. Nilipaswa kukuambia hilo ukaondoka nalo. Nikakufokea habari za mbwa. Ukafanya nilichokufokea."

Jogoo akajitikisa chini ya kiti.

"Kwa hiyo ningemrudisha hapa. Mbwa wakiwepo."

"Ndiyo."

"Na Chui akiwepo."

"Na Chui akiwepo. Angepelekwa Mbeya. Wengi wanapona."

Mzee akainama, akamchukua jogoo wake, akamkumbatia kwapani, akatoka getini bila kuaga. Mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kumkimbilia nimwambie siyo kweli. Tulikuwa tumemnyang'anya kitu cha mwisho alichokuwa nacho, nacho kilikuwa uongo.

"Mjukuu," Daktari akasema, akiangalia geti. "Unadhani atamleta?"

"Sijui," nikamwambia. "Mimi nisingemleta."

Alimleta. Wiki iliyofuata nilimkuta mtoto wodini na mama yake, na mzee amekaa nje kwenye benchi, penye upepo, hataki kuingia. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Picha niliibandika dirishani mwenyewe, nikafumba jicho moja, nikautafuta ukingo. Hakukuwa na mpira. Ilikuwa nimonia, nzito, ya kawaida kabisa, ambayo dawa zake tunazo. Nilikaa kwenye kiti cha Daktari nikalia kwa hasira. Mbwa, Mbeya, Chui, ukweli wote ule, kwa ajili ya nimonia.

Siku ya kuruhusiwa mzee alinifuata mlangoni. Mtoto alikuwa amebebwa mgongoni kwa mama, anakula karanga.

"Huyu angebaki nyumbani ingekuwaje?" akaniuliza.

"Angekufa, baba."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Akatazama mtoto, akatazama barabara.

"Mwambie Daktari," akasema, "yule jogoo tumemchinja. Tumemla sisi wenyewe."

Nilimfikishia jioni ileile, neno kwa neno, nikiwa nimeshamfunga mashine ya presha mkononi. Nikasubiri swali lake la mapafu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena.

Hakuuliza.